Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Tangazo Jipya la BnB Nairobi na Jinsi ya Kulifanya Livutie Wageni

Nina nyumba mbili za BnB, yaani za kupangisha wageni kwa siku kupitia programu kama Airbnb, moja Kilimani na nyingine South B. Tangu wenzangu walipojua hilo, simu yangu haipumziki, na maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa ili mtu akinipigia nimwelekeze huku. Ukikuta jibu limekutuma kwenye swali lingine, nenda huko, kwani sikutaka kurudia jambo moja mara tatu.

## Kuanza

Tangazo langu lina wiki tatu na hakuna aliyeuliza hata bei. Kosa liko wapi?

Angalia kwanza kama watu wanaliona na kulipita, au hawalioni kabisa. Programu nyingi za wenyeji (yaani sisi tunaopokea wageni) zina sehemu ya takwimu inayoonyesha limetazamwa mara ngapi. Likitazamwa sana bila mtu kuweka nafasi, tatizo ni bei, picha za ndani au maelezo. Lisipotazamwa, tatizo ni picha ya kwanza, kalenda iliyofungwa, au masharti uliyoyaweka mwenyewe.

Hayo masharti ndiyo huwaponza wengi. Mtu anaogopa vijana wa sherehe, anaweka "angalau siku nne", kisha anashangaa kimya kilichofuata. Mgeni anayetua uwanja wa ndege wa JKIA saa tano usiku na kuondoka kesho yake kwenda Maasai Mara hataliona tangazo lako hata siku moja, kwa sababu ametafuta usiku mmoja tu. Dawa ya sherehe ipo kwingine (tazama swali la vijana wa wikendi). Mwezi wa kwanza fungua usiku mmoja, fungua kalenda ya miezi mitatu mbele, halafu chukua simu ya mtu mwingine ujitafute kama mgeni, kwa tarehe na idadi ya watu.

Nianze na bei gani?

Tafuta nyumba kumi za ukubwa wako, mtaa wako, kwa Jumanne ijayo na kwa Ijumaa ijayo. Zile zenye maoni themanini ya wageni usizihesabu, hao si wenzako bado. Jipime na walio wapya, halafu shuka kidogo chini yao. South B nilianza na shilingi 3,200 wakati majirani walikuwa 4,000. Nilipofikisha maoni sita nikapandisha, na hakuna aliyelalamika.

Ada ya usafi ndiyo mtego. Ukiweka 1,500 juu ya nyumba ya 3,200, mgeni wa usiku mmoja anaona 4,700 na kuondoka. Mimi huichanganya ndani ya bei ya usiku.

Lile punguzo la wageni wa kwanza lina faida, au ni hasara tu?

Airbnb humpa mwenyeji mpya nafasi ya kuweka punguzo la asilimia 20 kwa nafasi tatu za kwanza. Likubali. Hiyo hasara ni bei ya kununua maoni matatu, na nyota zako hazionekani kwa wageni mpaka maoni yafike matatu. Ila usipandishe bei kwanza ili uje "kupunguza". Watu wa Nairobi wameshaona ujanja huo kwenye maduka ya viatu.

Nyumba nimepanga, si yangu. Naweza kuifanya BnB?

Ukiwa na ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, ndiyo. Bila hiyo, mkataba mwingi wa kupanga unakukataza kumpangisha mtu mwingine, na siku keateka (mtunza jengo) atakapoona masanduku yenye vibandiko vya ndege yakipanda ngazi kila Ijumaa, habari itafika. Kwenye magorofa yenye kampuni ya usimamizi, hasa yaliyosajiliwa chini ya Sheria ya Sectional Properties ya 2020, soma kanuni za jengo pia. Mengine yanakataza kabisa wapangaji wa siku moja moja.

Je, leseni?

Malazi ya wageni yako chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, na msimamizi ni Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, TRA. (Si ile TRA ya kodi ya majirani zetu wa Tanzania.) Kwa miaka mingi wenyeji wadogo walijifanya hawajui. Januari 2024, baada ya wanawake wawili kuuawa katika nyumba za kupangishwa kwa muda, mmoja South B na mwingine Roysambu, serikali iliwataka wenyeji wote wajisajili. Jisajili. Mapato nayo yanatangazwa KRA kupitia PIN yako kama mapato mengine, na mauzo yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, VAT inaingia.

## Picha

Lazima nimlipe mpiga picha?

Si lazima. Simu nzuri inatosha ukijua saa ya kupiga. Nyumba yangu ya Kilimani inatazama mashariki. Saa tatu asubuhi jua linaingia sebuleni na kulala juu ya zulia, ila saa kumi jioni chumba hicho hicho kinafanana na ofisi ya chifu. Nilipiga picha za kwanza jioni baada ya kazi, nikakaa nazo mwezi mzima nikilaumu bei.

Fungua mapazia yote, zima ile taa nyeupe ya katikati ya dari, washa za pembeni kama unazo. Simama kwenye kona, simu uilaze upande, uishike usawa wa kifua. Ukiinua juu sana, kitanda kinaonekana kama kimeanguka kisimani.

Kabla ya kubonyeza, tembea chumba kizima uondoe vitu vyako. Chaja, chupa ya mafuta ya nywele dirishani, ndoo na ufagio nyuma ya mlango, kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi. Choo, funika kifuniko. Shuka lipigwe pasi likiwa tayari kitandani, maana mikunjo ya kabatini inaonekana hata kwenye picha ndogo, na mgeni akiona mkunjo anawaza uchafu ingawa shuka ni jipya.

Picha ngapi, na ipi iwe ya mbele?

Kati ya kumi na tano na ishirini kwa nyumba ya chumba kimoja cha kulala. Ya mbele iwe kile ambacho jirani yako hana. Kama una roshani inayoona miti ya Kileleshwa, weka roshani. Kama huna, weka sebule yenye mwanga. Kitanda kisiwe cha kwanza, kwa kuwa kila mtu ana kitanda.

Kuna picha nne ambazo wageni huzitafuta na wenyeji husahau: bafu na shawa yake, meza ya kufanyia kazi na soketi iliyo karibu, jikoni na droo ikiwa wazi, na pa kuegesha gari.

Nje ya jengo pamechakaa. Nifiche?

Usifiche, piga vizuri. Geti, lango la jengo, ngazi au lifti. Mgeni akishushwa na teksi saa nne usiku anatafuta geti alilokwisha kuliona kwenye picha. Asipoliona anaingiwa na hofu, na hofu hiyo ndiyo ataiandika kwenye maoni. Kama barabara ya mwisho ni ya vumbi au ina mashimo, iseme kwa sentensi moja kwenye maelezo.

## Maneno ya tangazo

Jina la tangazo liwe vipi?

Fupi, kwa sababu kwenye simu jina refu hukatwa. "Nyumba nzuri ya kupendeza Nairobi" halimwambii mtu chochote. Taja mtaa, kitu kimoja cha karibu, na kitu kimoja au viwili ulivyo navyo: "Kilimani, karibu na Yaya Centre, waifai na jenereta". Hayo maneno mawili ya mwisho yameniletea wageni wengi kuliko zulia nililonunua kwa bei ya mbuzi.

Niko Roysambu. Nikiandika "dakika 15 hadi Westlands" kuna ubaya?

Jumapili asubuhi ni kweli. Jumatatu saa mbili asubuhi ni uongo, na mgeni mwenye mkutano saa tatu atakukumbuka. Andika umbali kwa kilomita, halafu sema muda wa barabara tupu na muda wa msongamano.

Kila mtaa una wageni wake, usiazime wa wengine. Roysambu na Kasarani kuna watu wa mechi na matamasha pale uwanjani, na wazazi wanaowatembelea watoto wao vyuoni kando ya Barabara ya Thika. Syokimau kuna kituo cha treni ya SGR na uwanja wa ndege uko karibu, kwa hiyo mtu wa kupitisha usiku. South B na South C ziko karibu na Wilson, panapoondokea ndege ndogo za mbugani. Upper Hill kuna hospitali kubwa, na familia inayouguza mtu hukaa wiki nzima. Jiulize ni nani angelala kwako bila kubembelezwa, umwandikie huyo.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Zote mbili. Programu hutafsiri yenyewe kwa wageni wa nje, lakini tafsiri ya "stima ikipotea kuna jenereta" inaweza kutoka ikiwa meli imezama. Aya ya kwanza kwa Kiingereza, kisha Kiswahili kwa watu wa Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, ambao si wachache.

Nitaje kasoro za nyumba?

Taja zile ambazo mgeni atazigundua usiku wa kwanza. Ghorofa ya nne bila lifti, taja. Msikiti au kanisa la karibu, taja. Klabu ya wikendi ng'ambo ya barabara, taja, kwa sababu hakuna godoro linaloshinda spika za Ijumaa. Anayelala fofofo ataweka nafasi hata hivyo, na asiyeweza atakwenda kwingine badala ya kuja kukupa nyota tatu.

Kigae kilichopasuka nyuma ya mlango wa jikoni hakihitaji kutangazwa. Kirekebishe.

## Ndani ya nyumba

Nina shilingi elfu ishirini za kuboresha. Nianze wapi?

Kitanda. Mito minne mizuri, mashuka meupe seti mbili, kilinda godoro. Halafu taulo nyeupe, mbili kwa kila mtu. Nyeupe kwa sababu inalowekwa na kuchemshwa bila kupauka, na mgeni anaona kwa macho kwamba ni safi.

Kikibaki kitu, nunua kisu kinachokata. Siku moja nililala kwenye nyumba yangu mwenyewe kama mgeni, nikajaribu kukata nyanya ya kachumbari. Kisu kiliisukuma nyanya mpaka ukingoni mwa ubao, ikadondoka chini nzima. Wageni walikuwa wamekitumia miezi mitano na hakuna aliyesema. Lala kwako usiku mmoja: pika, oga, chaji simu ukiwa kitandani. Utarudi na orodha ndefu kuliko hii yangu.

Picha za ukutani zingoje.

Maji na stima nifanyeje?

Hapa ndipo tangazo la Nairobi linaposhinda au kushindwa. Mgao wa maji upo mitaa mingi. Ikiwa jengo lina kisima au tangi kubwa, liandike wazi, kwa sababu Mkenya anayeweka nafasi huuliza hilo kabla ya kuuliza bei. Maji ya kunywa weka mtungi wa lita 20. Wageni wa nje hawanywi ya bomba, na wewe pia hunywi.

Stima ya tokeni ina mambo mawili. La kwanza, usiruhusu ziishe. Mimi ziliniishia na mgeni ndani, Jumamosi saa tano usiku, nikiwa kwenye harusi Murang'a na namba ya mita iko kwenye karatasi nyumbani. Tangu siku hiyo namba za mita zote mbili ziko kwenye simu yangu na ya dada wa usafi, na jinsi ya kuingiza tokeni imebandikwa kando ya mita. La pili, ikipotea mtaa mzima, sema una nini: jenereta ya jengo, taa za kuchaji, au betri ndogo ya rauta. Hiyo betri ndogo inamwokoa mtu aliye katikati ya mkutano wa video, na haigharimu sana.

Halafu ile shawa ya stima. Sisi tunajua kuna swichi yenye taa nyekundu nje ya mlango wa bafu, lazima iwashwe. Mgeni kutoka Uholanzi hajui. Mgeni wangu mmoja alioga maji baridi siku mbili kwa heshima, akidhani ndivyo tulivyo. Bandika kijikaratasi juu ya swichi, chenye mchoro.

Intaneti iwe kasi gani?

Pima kasi kwa simu ukiwa mezani pa kazi, mlango umefungwa, kisha weka picha ya matokeo kwenye tangazo. Tarakimu humshawishi mtu kuliko neno "kasi". Nenosiri liwe kwenye ukuta, kwa herufi kubwa, bila sifuri na O zinazofanana.

Wageni wanalalamika baridi. Nairobi?

Ndiyo, Nairobi. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai usiku hushuka hadi nyuzi kumi hivi. Mtu ametoka Ulaya na kaptula nne akiwazia Afrika. Weka duveti nzito na blanketi moja la ziada kabatini, na useme lipo. Julai ni msimu wa wageni wanaokuja kuwaona nyumbu wa Mara, kwa hiyo baridi na wageni huja pamoja.

## Usalama na heshima

Naweza kuomba kitambulisho? Na kamera?

Kitambulisho, ndiyo, na uandike hivyo kwenye kanuni za nyumba kabla mtu hajalipa. Nakala hiyo ni data ya mtu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Isitupwe kwenye kundi la WhatsApp la mlinzi na keateka. Mpe mlinzi wa geti jina na saa ya kufika tu, na umpe mapema. Mgeni anayehojiwa getini dakika ishirini kama mwizi wa kuku huingia ndani akiwa ameshakata nyota moja.

Kamera za ndani Airbnb ilizipiga marufuku tangu tarehe 30 Aprili 2024, hata sebuleni, hata iliyozimwa. Ya nje mlangoni inaruhusiwa ukiitangaza.

Kwa upande wako weka kufuli linalofungwa kwa ndani, kitasa cha dirisha kinachofanya kazi, na namba ya simu inayopokelewa usiku. Wanawake wanaosafiri peke yao husoma sehemu hii kwanza, tena kwa sababu nzuri. Ukiweza, piga picha hilo kufuli.

Vijana wa wikendi nitawazuiaje?

Andika idadi ya juu ya watu, wageni wa kutembelea waondoke saa ngapi, na kwamba mlinzi anahesabu. Ijumaa na Jumamosi peke yake weka angalau siku mbili. Na usiwape vitu vya sherehe: spika kubwa sebuleni na taa za rangi ni mwaliko.

## Maoni na nyota

Nitapataje maoni ya kwanza?

Ndugu na marafiki wasikuandikie ya uongo. Programu huyafuta, na huweza kulifunga tangazo lote. Mhudumie mgeni wa kwanza vizuri, kisha siku anapoondoka mwandikie ujumbe mfupi: safari njema, na kama kuna kitu hakikuwa sawa niambie mimi kwanza. Kwenye Airbnb nyote wawili mna siku 14 za kuandika, na hakuna anayeona ya mwenzake mpaka wote waandike au muda uishe. Andika lako mapema, humkumbusha.

Beji ya Superhost, ambayo Airbnb huwapa wenyeji bora, inataka wastani wa nyota 4.8, kujibu asilimia 90 ya ujumbe ndani ya saa 24, kukatiza nafasi chini ya asilimia 1, na mapokezi 10 kwa mwaka. Hupimwa kila miezi mitatu. Usiikimbilie mwezi wa kwanza.

Nimepewa nyota tatu bila haki. Nijibu?

Jibu baada ya kulala. Sentensi tatu: asante, tulichorekebisha, karibu tena. Anayesoma jibu ni mgeni ajaye, na yeye anapima utakavyomjibu akipata shida. Ugomvi wenu haumhusu.

## Hali zisizo za kawaida

Mgeni anataka tupite nje ya programu, anilipe M-Pesa.

Mgeni mpya, kataa kwa upole. Sheria za programu zinakataza kumtoa mgeni aliyekupata humo, na ukivunjiwa runinga hutakuwa na pa kushtaki. Aliyekufahamu kupitia shangazi yako ni habari nyingine. Huyo mpe risiti.

Jirani ameanza kujenga ghorofa kumi na mbili.

Kilimani hili si swali la ikiwa, ni la lini. Andika leo kwenye tangazo kwamba mafundi huanza saa mbili asubuhi, shusha bei kidogo, nunua vizibo vya masikio uviweke kando ya kitanda. Walioweka nafasi kabla ya ujenzi waambie mmoja mmoja na uwape nafasi ya kughairi. Nilipofanya hivyo, wanne kati ya watano walikuja.

Mgeni wa nje ananiomba barua yenye anwani.

Tangu Januari 2024 Kenya ilipoondoa viza na kuleta kibali cha safari cha eTA, mwombaji hutakiwa kuonyesha atakapolala. Mwambie atumie uthibitisho wa programu, au mwandikie aya mbili zenye anwani kamili na tarehe zake. Mwenyeji anayejibu hili siku hiyo hiyo mara nyingi ndiye anayebaki na mgeni.

Mgeni wangu Mkenya aliandika atafika "saa 3". Nilimngoja asubuhi, akaja alasiri.

Huyu alihesabu kwa Kizungu huku akiandika kwa Kiswahili, sote tunafanya hivyo kwenye simu. Kwenye tangazo andika kuingia "kuanzia saa nane mchana (14:00)" na kutoka "saa nne asubuhi (10:00)". Na mtu akikuandikia "saa 3" bila kusema ya nini, muulize jua litakuwa wapi.